Kabla Hujanunua Kigari cha Mtoto

Ndugu msomaji, nimepokea barua ya mama mmoja, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo hapa Dar es Salaam, anayetarajia kujifungua mtoto wake wa kwanza baada ya miezi miwili. Anaeleza kwamba wenzake wa kazini wamekusudia kumchangia fedha ili anunue kigari cha mtoto, kile cha kusukuma, na mmoja wao amekwisha kumwonyesha picha ya kigari cha fahari chenye kiti kinachochomolewa na kufungwa ndani ya gari. Mumewe anasema huko ni kufuja fedha, maana wao hawana gari wala hawatarajii kuwa nalo. Mama mkwe naye, aliyekuja kutoka Tanga kumtazama mkaza mwanawe, amefungua sanduku lake, akatoa doti ya khanga, akasema, "Wanane nimewalea kwa hii." Basi mama huyo ananiuliza: kati ya hao watatu, amsikilize nani?

Swali hili si dogo kama linavyoonekana. Linahusu fedha, na fedha ya mfanyakazi haipatikani kwa urahisi. Linahusu pia heshima ya wakwe na wema wa marafiki. Lakini zaidi ya hayo yote linahusu pumzi ya mtoto mchanga. Kwa sababu hiyo, kabla sijamjibu, naomba nisimulie kosa nililolitenda mimi mwenyewe.

MTOTO BADO HANA SHINGO

Mke wangu alipojifungua binti yetu wa kwanza, nilikuwa nimepokea malipo ya kazi za ziada za miezi mitatu. Nilikwenda mjini nikanunua kigari chepesi cha kukunja, chenye rangi ya buluu na paa dogo la kuzuia jua. Sikumwuliza mtu yeyote. Nilivutiwa na magurudumu yake, na nakiri kwamba nilivutiwa pia na namna majirani watakavyotutazama. Arobaini ilipokwisha, Jumapili moja alasiri, nilimweka binti yangu kitini, nikamfunga mkanda wa kiuno, tukatoka tukielekea dukani.

Njia ya mtaa wetu ni ya mchanga na mawe, na kila tulipopita penye bonde kigari kilitikisika. Mtoto alilia kidogo, kisha akanyamaza. Nilifurahi. Nilijisemea kwamba amebembelezwa na mwendo, amelala. Tulipofika penye kona, bibi mmoja jirani yetu, ambaye huuza vitumbua mbele ya nyumba yake, aliinuka ili amtazame mjukuu. Hakusema neno. Alimfungua mkanda, akamtoa na kumnyoosha mkononi mwake, na hapo ndipo mtoto alipovuta pumzi kwa nguvu na kupiga kelele. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa myeusi. Alikuwa ameteleza kitini, kichwa kimeangukia mbele, kidevu kimegandamana na kifua.

Tulimkimbiza mtoto hospitali, na kwa rahima za Mwenyezi Mungu akaonekana mzima. Bibi yule aliniambia neno moja tu ambalo sijalisahau: "Kigari chako kizuri, mjukuu wangu, lakini mtoto huyu bado hana shingo."

Maneno hayo ya bibi ndiyo ambayo madaktari huyaeleza kwa kirefu. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa ni kikubwa mno kwa kulinganisha na mwili wake; urefu wa kichwa peke yake ni kama robo ya urefu wa mwili mzima. Misuli ya shingo inayopaswa kukibeba kichwa hicho bado ni dhaifu, na njia ya hewa ni nyembamba na laini. Mtu mzima akiinamisha kichwa usingizini huweza kukiinua tena bila hata kuamka. Mtoto mchanga hawezi. Kidevu kikishagusa kifua, njia ya hewa hujikunja kama mpira wa maji uliokanyagwa, na pumzi hupungua au kukatika. La kutisha zaidi ni kwamba hayo hutokea kimya kimya. Mtoto hapigi kelele wala hafurukuti, maana sauti yenyewe huhitaji hewa. Mzazi akitazama kwa juu juu huona mtoto aliyelala usingizi mnono.

Kwa watoto walio wengi, shingo huanza kukaza barabara wanapofikisha kama miezi minne, na kukaa wenyewe huja yapata miezi sita. Kwa hiyo, chombo chochote utakachokichagua kwa ajili ya miezi hiyo ya mwanzo, kiwe cha thamani au cha bure, hapana budi kijibu swali moja kwanza: je, humo ndani njia ya hewa ya mtoto itabaki wazi? Mengine yote yafuate baada ya hapo.

MBELEKO NAYO INA MASHARTI YAKE

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbeleko ni mbachao wetu. Khanga au kitenge huingia mahali ambapo kigari hakiingii: kwenye daladala iliyojaa, kwenye ngazi za ghorofa, kwenye vichochoro vya Manzese na Keko wakati wa masika. Joto la mzazi humtuliza mtoto, na mikono ya mzazi hubaki huru.

Wapo wanaoona haya kubeba mtoto kwa kitambaa mjini, wakidhani ni alama ya ushamba. Watu hao ingefaa wajue kwamba vile vibebeo vya kisasa vyenye mikanda, vinavyouzwa madukani kwa bei ya juu, vina deni kubwa kwa mama wa Kiafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 muuguzi wa Kimarekani, Ann Moore, alifanya kazi ya kujitolea nchini Togo, akaona jinsi watoto walivyotulia migongoni mwa mama zao. Aliporudi kwao na kupata mtoto wake mwenyewe alijaribu kumbeba vivyo hivyo, lakini mtoto akawa anateleza. Basi yeye na mama yake mzazi wakashona mfuko wenye mikanda. Mwaka 1969 alipata hataza ya kibebeo hicho, kilichojulikana kwa jina la Snugli. Kwa hiyo mwenye kufunga khanga leo hakuachwa nyuma na dunia.

Sayansi nayo imeuunga mkono ubebaji huu. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa mashine za kuwatunzia watoto hao zilikuwa chache. Njia hiyo ndiyo iitwayo leo malezi ya kangaruu. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 walihusika. Ilidhihirika kwamba kuanza malezi hayo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atengemae kwanza, kulipunguza vifo kwa robo nzima.

Hata nyonga za mtoto hunufaika. Mtoto anapobebwa mapaja yakiwa yametanuka na magoti yakiwa juu kidogo kuliko makalio, mfupa wa paja hukaa vizuri ndani ya tundu lake. Madaktari nchini Malawi walipochunguza kumbukumbu za zaidi ya watoto 40,000 waliopita katika kliniki zao kwa takriban miaka 10, hawakukuta hata mmoja aliyehitaji kupasuliwa kwa ajili ya ulemavu wa nyonga wa utotoni, nao waliona kwamba kubebwa mgongoni huenda ni sababu mojawapo.

Pamoja na sifa zote hizo, ndugu msomaji, nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Mbeleko iliyofungwa vibaya huua kama kigari kibaya kinavyoua. Mwezi Machi mwaka 2010 idara ya Marekani inayoshughulikia usalama wa bidhaa iliwatahadharisha wazazi kuhusu ile mifuko ya kitambaa inayoning'inizwa begani, ambayo mtoto hulala ndani yake amejikunja. Katika muda wa miaka 20 vilikuwa vimegunduliwa vifo visivyopungua 14, na 12 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto ambao hawajatimiza miezi minne. Ama kidevu kilibanwa kifuani, ama pua na mdomo vilizibwa na kitambaa au na mwili wa mama mwenyewe.

Nchini Uingereza wazazi hufundishwa mambo matano ya kuangalia kila wanapombeba mtoto, nami nayaeleza hapa ili ikiwezekana uyakate na kuyabandika ukutani.

Kwanza, kitambaa kikaze. Kikilegea, mtoto huporomoka na kujikunja.

Pili, uso wa mtoto uonekane wakati wote. Ukiinamisha macho umwone, bila kufunua chochote.

Tatu, kichwa chake kiwe juu kifuani mwako, karibu kiasi cha kuweza kukibusu.

Nne, kidevu kisiguse kifua. Pabaki nafasi ya upana wa kidole kimoja angalau.

Tano, mgongo wake ushikiliwe sawasawa, tumbo lake likielekea kifuani kwako. Ukiweka kiganja mgongoni na kumkandamiza polepole, asijikunje.

Kutokana na mambo hayo utaona kwamba mahali pa mtoto mchanga ni mbele, wima, kifua kwa kifua. Mgongo ni mahali pazuri, lakini pasubiri shingo ikaze, kwa kuwa mama hana macho kisogoni. Wala asifunikwe gubigubi kwa khanga ya pili kwa hofu ya vumbi au ya macho ya watu. Katika joto letu mtoto aliyefunikwa hivyo hupata shida mbili pamoja, ya hewa na ya joto.

Ukipenda kununua kibebeo cha mikanda, soma kwanza uzito ulioandikwa. Vingi huanzia kama kilo 3.5, na mtoto aliyezaliwa na kilo 2.5 hupotea humo kama embe ndani ya gunia. Hakikisha kitako chake kinafika kutoka goti hadi goti, vifungo vinalia vinapofungwa, na mishono haijaanza kufumuka. Mtoto njiti, au mwenye uzito mdogo, au mwenye matatizo ya kifua, asiwekwe ndani ya chombo chochote kabla mkunga au daktari hajakuonyesha namna ya kumweka.

Jambo jingine: ukiwa umembeba mtoto kifuani usipike, usichemshe chai, usiiname mbele ya jiko la mkaa. Na juu ya bodaboda usimpande naye, hata kama khanga umeifunga kwa mafundo saba.

KIGARI KINAPOFAA, NA KIPI

Je, nasema kigari ni anasa isiyo na maana? La hasha. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huweza kuona uchungu akibeba uzito muda mrefu. Mama wa pacha ana mikono miwili tu. Mzazi mwenye maumivu ya mgongo, au nyanya aliyeachiwa mjukuu kutwa nzima, wote hao kigari huwafaa, maadamu mtaa wao una njia ya kupitika. Hapa ndipo pa kujiuliza kwa makini. Toka nje, uitazame njia yako kutoka mlangoni hadi kliniki na hadi sokoni. Kama kuna mitaro isiyofunikwa, mchanga mzito na barabara isiyo na pa kupita waendao kwa miguu, kigari cha thamani yoyote kitageuka kuwa kabati la kuwekea nguo.

Ukiisha kuridhika kwamba njia ipo, basi kwa mtoto mchanga tafuta kigari cha namna moja tu: kile ambacho mtoto hulala chali, bapa kabisa, kama yuko kitandani. Vipo vyenye kitanda chao maalumu, na vipo vyenye kiti ambacho mgongo wake hushushwa mpaka chini. Kiti kinachoshuka nusu njia hakitoshi, hata kama mwuzaji ataapa. Mlaze mwanasesere ndani, au hata furushi la nguo: likiteleza kuelekea miguuni, mtoto naye atateleza.

Vile vigari vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli, kama kile nilichokinunua mimi, vina historia yao. Vilibuniwa mwaka 1965 na Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushiriki kubuni miguu ya ndege ya vita iitwayo Spitfire. Alikusudia kigari chepesi cha msafiri, na uzito wake ulikuwa chini ya kilo 3. Ni chombo chema kwa mtoto anayeweza kukaa mwenyewe. Kosa halikuwa la kigari. Kosa lilikuwa langu, niliyemweka ndani yake mtoto wa siku arobaini.

Wengi wetu tutanunua kigari kilichokwisha kutumika, nako si vibaya, alimradi ukikague kama ukaguavyo baiskeli. Kifungue na kukikunja mara kadhaa, uone kama kufuli lake linashika. Kigari kinachojikunja chenyewe humkata mtoto vidole. Kaza breki kisha ukisukume kwenye mteremko. Tikisa kila gurudumu. Angalia mikanda: iliyo bora ina sehemu tano, miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa katikati ya mapaja, nayo yote iwe mizima. Na ukishakinunua, usitundike mifuko ya soko kwenye mpini, maana siku utakapomtoa mtoto, au hata yeye akiwamo, kigari kitapinduka kinyumenyume.

Yako mambo mawili ambayo hali yetu ya hewa na barabara zetu hutulazimisha kuyazingatia. La kwanza ni joto. Tumezoea kutupia khanga juu ya kigari ili mtoto asipigwe na jua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walipolipima jambo hilo na kutoa matokeo yao mwaka 2023, waliona kwamba kitambaa kikavu kilichofunika kigari, hata kikiwa chepesi, kiliongeza joto la ndani kwa zaidi ya digrii 2, ilhali kitambaa chepesi kilicholoweshwa maji, kikiloweshwa tena kila kinapoanza kukauka, kilipunguza joto. Lililo jema zaidi ni kutembea asubuhi au jioni, kupita kivulini, na kuuacha upande wa mbele wazi ili hewa ipite na uso wa mtoto uonekane.

La pili ni moshi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza kwamba mtoto ndani ya kigari hupumua hewa iliyo kati ya sentimita 55 na 85 kutoka ardhini, karibu kabisa na kimo cha mabomba ya moshi ya magari. Kwa hiyo penye foleni ya magari kaa mbali na ukingo wa barabara, pita njia ya ndani hata kama ni ndefu.

Na kigari, hata kile cha kulala chali, si kitanda cha usiku. Mtoto alale juu ya godoro gumu, chali, ndani ya chandarua, na mtu mzima awe karibu.

ASIYE NA GARI NA GARI LA MWENZIWE

Turudi sasa kwenye picha aliyoonyeshwa mama wa barua. Vigari vya namna ile huuzwa vikiwa seti: fremu ya magurudumu pamoja na kiti cha mtoto cha gari, ambacho hupachikwa juu ya fremu. Kwa wenye gari lao, kiti hicho ni cha lazima safarini, na thamani ya seti imo humo. Lakini mtu asiye na gari akinunua seti hiyo hulipia sehemu kubwa ya bei kwa kitu ambacho hatakitumia kwa kazi yake. Tena atashawishika kukitumia kwa kazi isiyo yake, yaani kumwacha mtoto mchanga amelala humo saa nyingi, amekaa nusu wima, kidevu kikiinama. Kiti cha gari kimetengenezwa kumkinga mtoto wakati wa ajali. Hakikutengenezwa kuwa kitanda.

Hata hivyo asiye na gari hupanda gari la mwenziwe: teksi ya kutoka hospitali, gari la shemeji siku ya harusi. Hapo nasema bila kuficha kwamba wala mbeleko, wala kibebeo cha mikanda, wala mikono ya mama haiwi badala ya kiti. Gari linaloenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 4 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi, na hakuna mzazi mwenye mikono ya kumzuia. Ikiwezekana, azimeni kiti kwa siku hiyo, kile cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma, ambacho hakijawahi kuwa katika ajali, nacho kifungwe kwenye viti vya nyuma vya gari.

Katika daladala hatuna uwezo huo. Basi tupunguze hatari tunayoiweza. Usikae kiti cha mbele karibu na dereva. Kaa nyuma ya kiti kingine, karibu na dirisha ili mtoto apate hewa. Kama upo mkanda, jifunge wewe peke yako. Ukimzungushia na mtoto, uzito wako utamponda. Pisha gari lililojaa, ungoje jingine. Nawe msomaji usiye na mtoto, umwonapo mama aliyembeba mchanga, inuka umpishe bila kungoja kondakta aseme.

JIBU LANGU

Sasa nimjibu mama aliyeniandikia.

Mumeo amesema kweli kuhusu seti ile. Msinunue kiti cha gari msicho na gari lake. Wenzako wa kazini wana moyo mwema, na wema usikataliwe. Waombe mchango wao uwe chandarua chenye dawa, vifaa vya kujifungulia, na akiba ya nauli ya kwenda kliniki. Ikiwa fedha itabaki, na njia ya mtaa wenu inapitika, nunueni kigari cha kulala chali, hata kama kimetumika. Ikiwa haitabaki, mtoto hatapungukiwa na kitu.

Mama mkwe asikilizwe, kwa sababu doti yake ya khanga ndiyo itakayombeba mtoto siku nyingi kuliko chombo kingine chochote. Mwombe akufundishe kufunga, nawe kwa adabu msomee yale mambo matano. Sidhani kama atakasirika. Huenda akakwambia kwamba manne kati yake alikuwa akiyafanya bila kuyahesabu.

Lakini liko jambo ambalo hukuliuliza, nalo linanitia wasiwasi zaidi. Kwa sheria ya kazi ya mwaka 2004, likizo yako ya uzazi ni siku 84, au siku 100 kama utajifungua zaidi ya mtoto mmoja. Wengi huanza kuzihesabu kabla hawajajifungua. Maana yake ni kwamba siku utakayorudi kiwandani mtoto wako hatakuwa ametimiza miezi mitatu, na shingo yake itakuwa bado. Atakayebaki naye, awe mama mkwe, mdogo wako au msichana wa kazi, ndiye atakayemfunga mbeleko na kumlaza kila siku. Mfundishe mtu huyo kabla likizo haijaisha. Mwache amfunge mtoto mbele yako mara kumi, si mara moja. Mweleze kwamba mtoto akinyamaza, asifurahi tu kama nilivyofurahi mimi. Amtazame uso, asikilize pumzi. Na kama midomo imebadilika rangi au pumzi haisikiki, amtoe upesi, amnyooshe kichwa, apige kelele za kuomba msaada na amkimbize hospitali.

Na wewe baba mwenye nyumba, usidhani kwamba kwa kusema "tusifuje fedha" umekwisha kumaliza wajibu wako. Mkeo hawezi kumbeba mtoto kutwa na usiku. Kifua chako nacho kina joto. Baada ya siku ile ya kigari cha buluu nilijifunza kufunga khanga kwa bibi yule yule wa vitumbua, na nilipompeleka binti yangu kliniki kwa mara ya kwanza nikiwa nimemfunga kifuani, kondakta mmoja alipaza sauti kituoni, "Leo baba kawa mama!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikapanda, na kijana mmoja akanipisha kiti. Njia nzima nilikuwa nikiinamisha kichwa kumtazama binti yangu, na kila nilipoinama niliweza kumbusu utosini.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia malezi mema.